Sura ya Saba: Dirisha la Kutokea

Mama mkwe wa rafiki yangu alifika Brooklyn Park, Minnesota, akitokea Kisii, mwezi wa Novemba, theluji ya kwanza ikiwa tayari imeanguka. Chumba alichoandaliwa kilikuwa besimenti: kitanda kipya, zulia jipya, hita ndogo pembeni, picha za wajukuu ukutani. Mimi nilikuwa nimealikwa chakula, sikuitwa kukagua nyumba, lakini ujenzi ndiyo kazi yangu, na niliposhuka kumsalimia nilijikuta natazama juu. Karibu na dari palikuwa na kidirisha kimoja, upana wake inchi 30 hivi, kimo chake inchi 14. Kilifungukia ndani, kikaning'inia kwenye vyuma viwili na kubakiza upenyo wa kupitisha mkono tu.

Mama akafuata macho yangu.

"Unatazama nini, mwanangu?"

"Dirisha, Mama. Ngazi zile zikishika moto, utatokea wapi?"

Akakaa kitandani, akalitazama naye kimya. "Hapo," akasema, "atatoka paka."

Usiku ule alilala sebuleni, juu, na akaendelea kulala huko mpaka Mei, ardhi ilipoyeyuka tukaweza kuchimba. Dirisha tulilomkatia ndilo lililonifanya niandike sura hii. Wamarekani wanaliita kwa jina lenye maana ya kutoka, nami nitaliita dirisha la kutokea. Besimenti nitaiacha kama tunavyoitamka sote tulioko huku.

Ukitoka Mwanza au Mombasa utajiuliza kwa nini watu wajichimbie nyumba ardhini. Sababu ni baridi. Maji yaliyomo kwenye udongo yakiganda huvimba, na yakivimba huinua kila kilicho juu yake, hata msingi wa nyumba. Kwa hiyo msingi lazima ukae chini ya kina ambacho mgando hufika. Kusini mwa Minnesota kanuni inataka inchi 42. Kaskazini inataka 60, yaani mita moja na nusu. Mtu akishachimba mita moja na nusu, kuongeza nyingine si kazi kubwa, na anapata ghorofa nzima chini ya nyumba yake. Wazee wa huku waliweka humo tanuri la kupashia nyumba joto, tangi la maji moto, viazi na mitungi ya matunda ya kuhifadhi. Hawakulala humo.

Sisi tunalala. Kodi ni kali, familia ni kubwa, na ndugu akitua uwanja wa ndege hatumwelekezi hotelini. Nimeingia nyumba za Wakongomani huko Iowa, za Wasomali waliokulia Kenya huko Columbus, za Wakenya na Watanzania hapa Minnesota, na karibu kila nyumba niliyoingia ilikuwa na mtu anayelala chini: shangazi, mwanafunzi, mpangaji anayesaidia kulipia mkopo. Silaumu jambo hilo. Ndivyo tulivyolelewa, na chumba cha chini kilichojengwa vizuri ni chumba kizuri, cha baridi ya wastani wakati wa joto na kimya usiku. Nisichokubaliana nacho ni kumlaza mtu mahali penye njia moja tu ya kutokea.

Fikiria njia hiyo moja ilivyo. Ngazi za besimenti mara nyingi hutokea jikoni au kando yake, na moto mwingi wa majumbani huanzia jikoni. Hapo chini, hatua chache kutoka zinapoanzia ngazi, kuna tanuri, tangi la maji moto na mashine ya kukaushia nguo, ambayo pamba zake zikijaa kwenye bomba huwaka kama ufuta. Moto ukianzia juu, unaziba mlango. Ukianzia chini, joto na moshi hupanda, na njia ya kupanda ni zile zile ngazi, zinageuka dohani. Aliyelala huamka chumba kimejaa giza ambalo taa hailiangazi, na kila pumzi anayovuta ni sumu. Hapo hana dakika za kutafuta funguo wala nyundo. Anahitaji ukuta uwe na tundu, tundu liwe mahali anapopajua, na lifunguke kwa mkono mmoja.

Kuna na upande wa pili ambao watu hawaufikirii. Dirisha hilo ni njia ya kuingilia pia. Zimamoto huja na mtungi wa hewa mgongoni, kofia kichwani na koti zito, na vipimo vyote vya dirisha la kutokea vinamhesabu na yeye. Ndiyo maana nikisikia mtu akisema "mimi ni mwembamba, napita popote", namwambia dirisha halikupimwa kwa ajili yake peke yake.

Sasa vipimo. Majimbo mengi ya Marekani hufuata kanuni za pamoja za nyumba za kuishi, zilizotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2000 na kufanyiwa marekebisho kila baada ya miaka mitatu, kisha majimbo, na baadhi ya miji, huongeza au kupunguza. Kwa hiyo neno la mwisho ni la ofisi ya ujenzi ya mji wako. Lakini namba za msingi ni hizi, na inafaa uzijue kama unavyojua namba ya nyumba yako. Uwazi wa dirisha likiwa limefunguliwa kabisa usipungue futi za mraba 5.7, kwa dirisha lililo usawa wa ardhi au chini yake kanuni hukubali 5. Upana wa uwazi usipungue inchi 20, kimo kisipungue inchi 24. Kutoka sakafuni mpaka ukingo wa chini wa uwazi pasizidi inchi 44, ili mtu mzima ajiinue bila kitu cha kukanyagia. Na lifunguke kwa ndani bila ufunguo, bila kifaa, bila maarifa maalumu.

Wengi hukwama kwenye namba mbili za katikati. Husoma inchi 20 kwa 24, wakaenda dukani wakanunua dirisha lenye uwazi huo, wakarudi wamefurahi. Zidisha: 20 mara 24 ni inchi za mraba 480. Futi za mraba 5 ni inchi za mraba 720. Dirisha hilo limefeli, na limefeli kwa mbali. Ukichagua upana wa 20, kimo lazima kifike 36. Ukichagua kimo cha 24, upana lazima ufike 30. Hizo ni namba za chini kabisa za upana na kimo, na haziruhusiwi kukutana kwenye dirisha moja.

Kosa la pili ni kupima kioo, au kupima fremu. Kinachopimwa ni hewa: nafasi inayobaki wazi dirisha likifunguliwa mpaka mwisho wake. Dirisha la kusukuma pembeni lenye upana wa inchi 48 linakupa chini ya 24, kwa sababu nusu moja hujificha nyuma ya nyingine. La kupandisha juu nalo hukupa nusu ya kimo chake. Ndiyo maana kwa besimenti mimi hupendekeza dirisha la bawaba, linalofunguka lote kama mlango. Dirisha dogo la bawaba hutoa uwazi ambao la kusukuma lingehitaji karibu mara mbili ya ukuta, na ukuta wa msingi si kitu cha kukatwa bila sababu.

Likifungukia nje, hakikisha ubawa unapata nafasi ya kuzunguka bila kugonga chochote. Likifungukia ndani, sehemu hiyo ya chumba inakuwa si yako tena. Kabati halikai hapo, wala runinga.

Hapa niseme jambo kuhusu sisi wenyewe. Kwetu dirisha lina kazi ya mwanga, hewa na kuzuia mwizi. Dar es Salaam au Nairobi, nyumba haijaisha mpaka fundi wa kuchomelea amepita na grili zake, na grili ikishachomelewa imechomelewa. Ndani ya nyumba hiyo mlango ukizibwa na moto watu hushika nondo kwa mikono. Tumekua hivyo, na mazoea hayo tunasafiri nayo. Nimemkuta baba wa watoto wanne, mtu makini, amefunga dirisha la kutokea kwa kufuli kwa sababu liko chini na linaonekana kutoka barabarani. Nilimwelewa kabisa. Kanuni za huku hazikatazi nondo wala vifuniko juu ya dirisha hilo. Zinachotaka ni kwamba aliye ndani aziondoe kwa mkono mtupu, bila ufunguo, bila nguvu kupita ile ya kufungulia dirisha lenyewe. Kuna grili za bawaba zenye kitasa cha ndani tu, na zinapatikana. Na kama una nyumba nyumbani, ukisoma hapa uko mbali nayo, mpigie simu fundi wako akate grili moja ya chumba cha kulala na kuitia bawaba na komeo la ndani. Ni kazi ya siku moja.

Turudi kwenye ukuta wa Brooklyn Park. Kabla ya jembe kugusa udongo kuna simu mbili. Ya kwanza ni 811, namba inayotumika Marekani nzima tangu mwaka 2007. Unaeleza unachimba wapi, na baada ya siku chache za kazi wanakuja watu kuchora kwa rangi kwenye nyasi mahali bomba la gesi, umeme na maji vinapopita. Ni bure. Simu ya pili ni ya ofisi ya mji, kuomba kibali. Najua ndugu zangu wengi huogopa kibali, wakidhani ni mlango wa matatizo. Kibali kinamleta mkaguzi, na mkaguzi ni jicho la pili lisilomwogopa fundi wala kumpendelea. Tena siku utakayouza nyumba, chumba chenye dirisha lililopitishwa huweza kuhesabiwa chumba cha kulala. Kisicho nalo kitaandikwa stoo, hata ukikitia marumaru.

Kisha unauliza swali muhimu kuliko yote: ukuta huu umebeba nini? Ukuta wa besimenti una kazi mbili, kubeba nyumba iliyo juu na kuzuia udongo ulio nje. Angalia boriti za sakafu ya juu. Zikiwa zimelaza vichwa vyake juu ya ukuta unaotaka kuukata, uzito wa nyumba unashukia hapo, na ukipanua tundu lazima pawepo linta ya kupokea uzito huo, na mirunda au jeki za muda ndani wakati wa kukata. Zikipita sambamba na ukuta, mzigo ni mdogo zaidi, lakini bado si wa kukisia.

Ujanja ambao mafundi wazoefu hupenda ni kutoongeza upana kabisa. Kidirisha cha zamani tayari kina kitu kilichobeba uzito juu yake. Ukibaki na upana ule ule na kukata kwenda chini tu, unaondoa ukuta ambao juu yake tayari ni tundu. Ndivyo tulivyofanya kwa Mama. Kidirisha chake kilikuwa na upana wa inchi 30 na ushei. Tukakishusha, tukapata dirisha refu la bawaba, na linta haikuguswa. Kidirisha chako kikiwa chembamba mno, au ukuta ni wa mawe ya kale, au una ufa uliokwenda mshazari, mwite mhandisi wa majengo aje aone kabla hujakata.

Kuchimba kulituchukua siku nzima. Shimo lilikwenda chini ya ukingo wa dirisha jipya, na likaendelea kwenda chini zaidi kwa ajili ya kokoto. Udongo wa sehemu ile ni mfinyanzi, unashikamana na koleo kama ugali wa moto. Shimo la namna hii huonekana la kitoto, lakini mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa tani moja na nusu au zaidi, na kuta za shimo hazitoi taarifa. Sheria ya usalama kazini ya Marekani inataka shimo lenye kina cha futi 5 au zaidi likingwe lisiporomoke. Tukalikata kwa mteremko, udongo tukaurundika mbali na ukingo, na hakuna aliyeruhusiwa kushuka akiwa peke yake.

Zege hukatwa kwa msumeno wenye meno ya almasi. Ule wa mkononi wenye duara la inchi 14 huingia inchi 5 hivi tu, na ukuta wa kawaida wa zege una unene wa inchi 8. Kwa hiyo unakata nje, unakata ndani, na mistari miwili lazima ikutane. Kuikutanisha, unatoboa kwanza matundu kwenye pembe nne, moja kwa moja kutoka upande mmoja hadi wa pili, kisha kila upande unachora mistari yake kutoka tundu hadi tundu kwa kutumia pima maji. Kata wakati maji yanamiminika kwenye msumeno. Vumbi la zege lina silika, chembe zinazochana mapafu taratibu na kuacha makovu yasiyopona, na fundi anayefunga kitambaa mdomoni anajidanganya. Vaa barakoa halisi ya vumbi la silika. Na msumeno wa petroli usiwashwe ndani ya besimenti hata kwa dakika tano. Moshi wake una kaboni monoksidi, isiyo na harufu, nawe umo shimoni.

Kipande kisitolewe kizima. Piga hesabu: ukuta wa upana wa inchi 36, kimo inchi 48, unene inchi 8, zege lake lina uzito unaozidi kilo 500. Tuligawa chetu katika vipande ambavyo watu wawili wanaweza kuvishika, tukavitoa kuanzia juu. Kipande cha mwisho kilipoondoka, mwanga wa mchana ukaanguka kwenye zulia, mahali ambapo tangu nyumba ile ijengwe hapakuwahi kupata jua. Mama alikuwa amesimama kwenye ngazi, khanga begani. Hakusema kitu. Alikuja akaweka mkono kwenye ule mwanga.

Kuweka fremu ni kazi ya utulivu. Tundu huzungushiwa mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia kuoza, zikafungwa kwenye zege kwa boliti na kuzibwa kwa silikoni. Dirisha huingizwa, hunyooshwa kwa kabari na pima maji, hufungwa kwa skrubu, halafu pembeni hujazwa povu lile lisilovimba sana. Lile linalovimba kwa nguvu hukunja fremu na dirisha likakataa kufunguka. Nje hubandikwa utepe wa kuzuia maji, ukianza chini, kisha pembeni, kisha juu, ili kila tabaka la juu lilalie la chini yake kama makuti ya paa. Ukianza juu, maji yataingia nyuma ya utepe, na hutajua mpaka ukuta umeota ukungu.

Nje ya dirisha hubaki shimo lenye kuta, linaloitwa kisima. Na hapa ndipo kazi nyingi nilizoitwa kurekebisha zilipoharibikia.

Kisima kinatakiwa kiwe na futi za mraba 9 angalau, na kisipungue inchi 36 kila upande, ili mtu atoke dirishani na kusimama. Kina chake kikizidi inchi 44, lazima kiwe na ngazi iliyofungwa moja kwa moja ukutani: upana wa ndani inchi 12 au zaidi, vipago visiachane kupita inchi 18, na viwe mbali na ukuta inchi 3 ili mguu upate pa kushika. Kisima chenyewe huweza kuwa cha bati nene la mawimbi, plastiki ngumu, mawe au mbao za dawa. Cha bati ni rahisi na hudumu, mradi kimefungwa kwa boliti kwenye ukuta wa msingi. Kisipofungwa, udongo ukiganda hukisukuma, na baada ya baridi mbili tatu utaona pengo la kupitisha kidole kati yake na nyumba. Kama juu ya kisima kuna baraza ya mbao, hakikisha chini yake kuna njia ya kimo cha inchi 36 mpaka uani. Nimeona dirisha zuri, lililopitisha vipimo vyote, linalotokea chini ya baraza iliyozibwa pande zote.

Lakini kisima ni shimo, na shimo hujaa maji. Hapo ndipo pesa zako ziende. Chini ya kisima liwekwe bomba lenye matundu, linaloshuka mpaka kwenye mfereji unaozunguka msingi wa nyumba, ambao maji yake huenda kwenye pampu au hutoka mbali na nyumba. Juu yake kokoto safi, zisizo na vumbi, zikiishia chini ya ukingo wa dirisha, si usawa wake. Ukingo wa juu wa kisima uchungulie juu ya ardhi inchi kadhaa, na ardhi iteremke kutoka nyumbani: kanuni inataka mteremko wa inchi 6 ndani ya futi 10 za kwanza. Mabomba ya maji ya paa yaelekezwe kwingine. Fundi mmoja aliyetutangulia kwenye nyumba ya jirani aliacha bomba la paa likimwaga moja kwa moja kando ya kisima. Mvua ya kwanza ya Juni ikakigeuza pipa, na kioo kikawa kama cha tangi la samaki.

Maji si suala la zulia kuharibika tu. Tarehe 1 Septemba 2021 mabaki ya kimbunga Ida yalipita New York. Katika Central Park ilinyesha inchi 3.15 kwa saa moja, kiasi ambacho hapakuwa na rekodi yake. Watu 13 walifariki mjini humo, 11 kati yao katika makazi ya besimenti, wengi eneo la Queens, wengi wahamiaji kama sisi. Ninapowaza usiku ule nawaza uzito wa maji: mlango wenye maji ya kimo cha goti upande wa pili tayari unamshinda mtu wa kawaida, na dirisha linalofungukia nje ndani ya kisima kilichojaa halisogei. Dirisha la kutokea halitoshi mbele ya mafuriko. Ukisikia onyo la mafuriko ya ghafla kwenye simu yako, mpandishe kila mtu juu maji yakiwa bado barabarani, na nguo na vitambulisho viache huko huko.

Dirisha likishapita ukaguzi, watu hulisahau. Hilo ndilo linalonisikitisha kuliko makosa ya ujenzi, kwa sababu dirisha lisilofunguka lina madhara makubwa kuliko ukuta: aliyelala anaamini lipo.

Adui wa kwanza huku ni theluji. Kisima ni sufuria, na upepo huijaza usiku mmoja. Ikiyeyuka mchana na kuganda usiku inakuwa tofali. Kwa hiyo unaposafisha njia ya gari, safisha na kisima, siku ile ile. Kifuniko cha plastiki ngumu inayopitisha mwanga husaidia sana, huzuia majani, theluji na mtoto wa jirani asitumbukie, lakini kiwe chepesi, na kisifungwe kwa waya wala kufuli wala kuwekewa jiwe ili upepo usikichukue. Aliye shimoni lazima akisukume kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika ngazi. Jaribu hilo Januari, kingo zikiwa na barafu. Jaribio la Julai halisemi lolote.

Adui wa pili ni sisi wenyewe na baridi yetu. Duka lolote la vifaa huuza karatasi ya nailoni ya kubandika dirishani wakati wa baridi, ukaipulizia hewa moto ikakaza kama ngozi ya ngoma. Kwa madirisha ya juu ni akili nzuri. Kwa dirisha la kutokea, usibandike. Kama upepo unapita, badilisha mpira wa pembeni; huuzwa kwa futi na ni kazi ya nusu saa. Usipake rangi ikagandisha ubawa na fremu. Usiegemeze godoro la ziada hapo, wala masanduku ya mizigo ya kupeleka nyumbani, ambayo najua yatakaa mpaka Desemba.

Majani huanguka Oktoba, nayo yakioza hutengeneza tope linaloziba kokoto. Yatoe kwa mkono. Kila masika mwaga ndoo mbili za maji kisimani, utazame. Yakizama upesi ni salama, yakituama chimbua kokoto uzioshe, na bomba lizibuliwe. Mpini wa kuzungusha unaofungua dirisha la bawaba una meno madogo ndani, nayo hukauka na kushika kutu. Pulizia dawa ya silikoni, si mafuta ya kupikia kama nilivyoona mahali. Kagua boliti za ngazi na za kisima. Futa jasho la kioo asubuhi za baridi, lisishuke na kuozesha mbao.

Ili nisisahau, mimi hufanya kazi hizi kwenye Jumapili mbili ambazo saa hubadilishwa, ya Machi na ya Novemba. Siku hizo hizo najaribu ving'ora vya moshi, kimoja kila chumba cha kulala na kimoja kila ghorofa, besimenti ikiwemo, na cha kaboni monoksidi.

Kama wewe ni mpangaji na chumba chako cha chini hakina dirisha hili, mwandikie mwenye nyumba, weka nakala, na uulize ofisi ya ukaguzi ya mji chumba hicho kimeruhusiwa kulalwa au la. Najua uzito wa ushauri huo kwa mtu ambaye hana pengine pa kwenda. Basi walau kwa wiki hizi unazotafuta, lala sebuleni na nguo zako ziache chini.

Mama wa Kisii alirudi kwao, akaja tena mwaka uliofuata. Mwaka ule wa dirisha tulimwomba afanye jambo moja kabla ya kulala chini usiku wa kwanza, nami nakuomba ulifanye kwa kila mgeni wako. Usimwonyeshe dirisha kwa kidole. Zima taa, mwambie alifungue mwenyewe, atoke, apande ngazi, asukume kifuniko, asimame kwenye nyasi. Mama alikuwa na miaka 68 na magoti yenye maumivu. Alichukua muda, mkwewe akamshikia tochi, na akatoka. Mgeni wako akishindwa, hata kama dirisha limepita kila kipimo, usimlaze humo. Mpe chumba chako, ulale chini wewe.